Mtoto Azoee Hesabu Kabla Hajafika Kwenye Mizani

Katika toleo hili tumeonelea tuweke kando kidogo habari za mikataba na marupurupu, tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukua kuwa ni kazi ya mwalimu peke yake. Jambo lenyewe ni hesabu za watoto wetu wadogo: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kabla msomaji hajageuza ukurasa akisema kwamba hili si la chama, tunamwomba asikilize kisa tulichokikuta Kabeza, hapa Kigali.

Kabeza imo katika wilaya ya Kicukiro, upande wa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege. Humo wanaishi watu wa kila namna, wakiwamo wenzetu wanaoondoka alfajiri kwenda viwandani na kurudi giza limeingia. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, tuliketi katika ua wa mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ni kupanga bidhaa katika katoni, katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Analipwa kwa kipande, kila katoni faranga 60. Mwenzetu huyu aliacha shule akiwa mwaka wa pili wa msingi. Hata hivyo ana daftari dogo mfukoni, na kila anapofunga katoni huchora kijiti kimoja. Vijiti vikifika vinne, cha tano hukilaza juu ya vile vinne, likawa fungu. Jioni huhesabu mafungu yake.

Mwezi ule hati yake ya malipo ilionyesha katoni 1,195. Daftari lake lilionyesha katoni 1,243. Alikwenda kwa karani pamoja na mjumbe wa chama, wakafuata siku moja moja, wakakuta Alhamisi moja imerukwa. Siku hiyo daftari lilikuwa na mafungu 9 na vijiti 3, yaani katoni 48. Kwa faranga 60 kila moja, hizo ni faranga 2,880, jasho la siku nzima. Karani aliomba radhi na fedha zikalipwa. Bila daftari lile zingepotea, wala mwenyewe asingejua kwamba zimepotea. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

PESA NA HESABU

Tulipokuwa tukimpongeza, yeye alikuwa na huzuni nyingine. Binti yake wa miaka 9, aliye mwaka wa tatu wa msingi, alikuwa ameleta alama mbaya za hesabu. Mtoto huyo tulikuwa tumekwisha kumwona langoni, akimsaidia mama yake aliyetandaza matunda na mboga. Mteja alichukua maparachichi mawili ya faranga 100 kila moja na fungu la nyanya la faranga 150, akatoa noti ya 500. Mtoto hakuinua hata kidole. Alitoa sarafu ya 50 na sarafu ya 100, akasema asante, akaendelea na mteja mwingine.

Baba yake alimwita, akamwandikia katika daftari la shule: 500 kutoa 350. Mtoto akaanza upande wa kulia kama alivyofundishwa. Sifuri kutoa sifuri, sifuri. Sifuri kutoa tano ilimshinda, basi akageuza akafanya tano kutoa sifuri, akaandika tano. Tano kutoa tatu, mbili. Jibu: 250. Ilikuwa hesabu ile ile aliyoifanya langoni bila kukosea.

Baba akamwuliza, "Na yule mteja wa nyanya, ulimrudishia ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Mbona hapa umeandika mia mbili na hamsini?"

Mtoto alimtazama kana kwamba swali lenyewe halina maana. "Papa, zile ni pesa," akasema. "Hizi ni hesabu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye shida yenyewe. Mtoto huyu si mjinga. Ana hesabu mbili ambazo hazijakutana. Moja anaielewa na kuitumia, nyingine anaiogopa na kuikisia.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu waliofanya kazi Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa taarifa juu ya watoto waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine katika mji wa Recife. Walianza kwa kujifanya wateja, wakiuliza bei na chenji. Watoto walijibu sawasawa karibu maswali 98 katika kila 100. Baadaye watafiti waliwapa watoto hao hao hesabu zile zile zilizoandikwa kwa tarakimu tupu kama za shuleni. Majibu sahihi yalishuka hadi 37 katika kila 100. Mtoto mmoja wa miaka 12, alipoulizwa bei ya nazi 10 kwa 35 kila moja, hakuongeza sifuri mwishoni kama shule inavyofundisha. Alijua nazi 3 ni 105, akaongeza tatu nyingine, akaongeza tatu nyingine, akaongeza moja, akafika 350. Alikuwa na njia yake, na njia hiyo ilikuwa sahihi.

Katika Afrika Mashariki nako shida hii imejulikana kwa muda. Mpango uitwao Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, ulituma watu nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kwa maswali ya kusoma na hesabu ya kiwango cha darasa la pili. Walikutwa watoto wengi waliokwisha kupita darasa hilo na bado hawawezi. Tanzania ilibadilisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ili mkazo uwekwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo mzazi wa Kabeza asione haya. Mzigo huu tunaubeba wengi.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA CHAMA

Mfanyakazi huuza nguvu zake kwa kipimo. Kiwandani kipimo ni saa, zamu au katoni. Shambani ni kilo. Tuseme mchuma chai amepima kilo 14 asubuhi na kilo 17 mchana, na kila mara inatolewa kilo 1 ya kikapu. Anapaswa kujua papo hapo, bado akiwa mbele ya mizani, kwamba amebaki na kilo 29. Akisubiri kuambiwa, atachukua atakachoambiwa. Hatusemi kwamba kila karani ni mwizi. Makarani wengi ni waungwana, nao huchoka kama sisi. Lakini kosa la karani mwaminifu hupunguza ujira sawasawa na kosa la makusudi, na anayeweza kuliona ni yule tu anayejua hesabu.

Tena kuna riba ya mkopo, makato ya akiba, bei ya mbolea, ada ya kutuma fedha kwa simu. Kote huko asiyejua hesabu husaini kwa kumwamini mwenzake. Hatupendi watoto wetu warithi hali hiyo.

Tuseme pia wazi ili tusieleweke vibaya. Mtoto kumsaidia mama yake saa moja langoni baada ya shule ni malezi. Mtoto kuachishwa shule ili akachume chai au akafunge katoni ni unyonyaji, na chama hakitanyamaza. Mtoto apelekwe shule, na hesabu za sokoni na kazini zimfuate huko zimsaidie.

Wazazi wengi hutuambia, "Sisi hatukusoma, tutamfundisha nini mtoto?" Tunawajibu kwa lile daftari la vijiti. Binadamu alichora alama za kuhesabu zamani kabla ya shule yoyote. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, kwenye Ziwa Edward upande wa Kongo, mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Pale si mbali na hapa kwetu. Mfanyakazi anayefunga mafungu ya tano, anayepanga kreti kwa safu, anayegawa zamu kwa watu, anayo hesabu mikononi. Kilichobaki ni kuipitisha kwa mtoto, hatua kwa hatua. Zifuatazo ndizo hatua tulizozungumza na wazazi wa pale.

KWANZA VITU, NDIPO TARAKIMU

Mtoto mdogo huweza kukariri moja hadi ishirini kama wimbo bila kujua kuhesabu. Mpe maharage saba umwambie ahesabu. Akigusa punje moja mara mbili, au akiruka nyingine, bado hajaweza. Akimaliza mwulize, "Yako mangapi?" Akianza kuhesabu upya, hajatambua kwamba neno la mwisho alilotamka ndiyo idadi ya yote. Basi zoezi hili lirudiwe kwa vitu vya nyumbani: vizibo vya soda, mawe, vijiko, viazi vinavyoingia sufuriani. Vipangwe kwa mstari, kisha vitawanywe, mtoto aone kwamba idadi haikubadilika. Ahesabu pia kwa kurudi nyuma, kumi hadi moja, kwa maana huko ndiko kutoa kunakoanzia.

Vidole visikatazwe. Wazazi wengine humpiga mtoto mkono anapohesabu kwa vidole wakidhani ni uvivu. Vidole ni chombo chake cha kwanza, nacho kimegawanywa tano na tano kama mafungu ya daftari letu. Akizoea kuona saba kuwa ni mkono mmoja na vidole viwili, ataacha mwenyewe kuhesabu kimoja kimoja.

RAFIKI WA KUMI

Hatua ya pili ni kuvunja namba. Weka maharage kumi mezani. Mtoto afumbe macho, ufunike baadhi kwa bakuli. Akifumbua aone manne nje, aseme ndani yamebaki sita. Mchezo huu ni wa dakika tano, na mtoto huupenda kwa sababu una kificho. Baada ya wiki chache atajua bila kufikiri kwamba rafiki wa 7 ni 3, rafiki wa 8 ni 2, rafiki wa 6 ni 4.

Faida yake huonekana hesabu ikipita kumi. 8 na 5 humtoa mtoto jasho. Lakini anayejua kwamba 8 inataka 2 ili itimie kumi, atachukua 2 katika ile 5, zibaki 3, jibu 13. Kwa njia hiyo hiyo atafanya 80 na 50, au 38 na 5. Hapa ndipo wepesi unapotoka. Mtoto mwepesi amejifunza kupitia kumi, basi hana haja ya kuanza moja kila mara.

Wazee wa Kabeza walitukumbusha mchezo wa igisoro, ambao watu wa pwani wanao wa namna yake na huuita bao. Una mashimo 32 na kete 64. Mwenye kete 6 katika shimo la pili, akizipanda moja moja kuanzia shimo linalofuata, ataishia shimo la nane. Mchezaji mzuri huona hivyo kabla ya kugusa kete, maana amejumlisha 2 na 6 kwa macho. Mzee aliye nyumbani na anayejua mchezo huu ni mwalimu wa hesabu, naye apewe mjukuu wake jioni.

TUSIOGOPE LUGHA YA NYUMBANI

Wazazi walituuliza sana juu ya lugha. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kwa miaka mitatu ya kwanza ya msingi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikatangazwa tena kwamba Kiingereza kitumike tangu mwaka wa kwanza. Mzazi asiyejua Kiingereza huona amefungiwa mlango.

Mlango haujafungwa. Saba ni saba kwa kila lugha, na mtoto aliyeielewa kwa lugha ya mama hahitaji kuielewa mara ya pili. Atajifunza jina lake jipya tu. Zaidi ya hayo, Kinyarwanda kina msaada wake. Kumi na moja ni cumi na rimwe, kumi na mbili ni cumi na kabiri, thelathini ni mirongo itatu, yaani makumi matatu, na arobaini ni mirongo ine, makumi manne. Jina lenyewe linamwambia mtoto kuna makumi mangapi. Kiswahili chetu husema wazi kumi na moja, lakini maneno thelathini na arobaini tuliyapata kutoka Kiarabu, na mtoto hawezi kuona tatu wala nne ndani yake. Kiingereza nacho huficha kumi katika majina ya 11 na 12, na majina yake ya 13 na 30 hufanana masikioni hata mtoto akayachanganya.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: nyumbani hesabu ifanywe kwa lugha ambayo mtoto anaotea ndoto. Ikisha kueleweka, kaka au dada mkubwa amfundishe majina ya shuleni. Asilazimishwe kubeba jina geni na wazo geni kwa wakati mmoja.

JEDWALI LISIMTISHE MTOTO

Jedwali la kuzidisha, kuanzia moja mara moja hadi kumi mara kumi, lina majibu 100. Mtoto akipewa yote kwa pamoja ayakariri, huliona kama mlima. Tulikaa na wazazi tukaupunguza mlima huo kwa vizibo vya soda, na tunawaonyesha hapa tulivyofanya.

Panga vizibo safu 3 za vizibo 4. Ni 12. Zunguka upande wa pili wa meza, sasa ni safu 4 za vizibo 3. Ni 12 vile vile. Mfanyakazi anayepanga kreti analijua hili. Basi kila jibu, isipokuwa la namba mara nafsi yake, lina pacha wake, na majibu ya kujifunza hubaki 55.

Ondoa ya moja, ambayo hayana kazi. Ondoa ya mbili, ambayo ni kujumlisha namba na nafsi yake. Ondoa ya kumi, na ya tano, ambayo mtoto anayajua kwa mafungu na kwa sarafu. Yanabaki 21.

Ya tisa ni ya kumi yaliyopungua mara moja: 9 mara 7 ni 70 kutoa 7, yaani 63. Yanabaki 15. Ya nne ni mbili mara mbili: 4 mara 7 ni 14 na 14, yaani 28. Yanabaki 10 tu: 3 mara 3, 3 mara 6, 3 mara 7, 3 mara 8, 6 mara 6, 6 mara 7, 6 mara 8, 7 mara 7, 7 mara 8, na 8 mara 8. Hayo kumi yakaririwe, moja kwa wiki, na kabla ya miezi mitatu kupita yatakuwa yamekwisha.

Hatupingi kukariri. Fundi hawezi kufanya kazi ikiwa kila mara anatafuta nyundo, na mtoto atakayefika kwenye hesabu ndefu anahitaji majibu haya yawe tayari mkononi. Tunachopinga ni kukariri kabla ya kuelewa. Mtoto aliyekariri tu, akisahau 6 mara 8, amekwama. Aliyeelewa atasema 3 mara 8 ni 24, na 24 nyingine, 48.

FIMBO NA HARAKA

Tumeona nyumba ambazo saa ya hesabu ni saa ya kilio. Baba amerudi amechoka, anauliza 7 mara 8, mtoto anasita, sauti inapanda. Watafiti wa mambo ya akili wameonyesha kwamba wasiwasi huchukua ile nafasi ya akili ambayo mtu huitumia kushikilia namba anapohesabu. Yaani mtoto mwenye hofu husahau hata alichokuwa anakijua. Kila mmoja wetu aliyewahi kuhesabu katoni huku msimamizi amemsimamia kichwani analijua hilo bila utafiti.

Basi mtoto akikosea asiambiwe mjinga. Aambiwe, "Nionyeshe ulivyofanya." Mara nyingi kosa lina njia yake, kama lile la 0 kutoa 5, na ukiiona njia utajua pa kumsaidia. Akipata pia mwulize alivyofanya, ili asidhani kwamba kuulizwa ni ishara ya kukosea. Wala asiambiwe mtoto yeyote kwamba hesabu si za wasichana. Mara nyingi msichana ndiye anayetumwa sokoni, na fedha za nyumba hupita mikononi mwake.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Mwenye zamu ya usiku azitumie asubuhi, mwenye zamu ya mchana azitumie usiku. Haba na haba hujaza kibaba.

PESA ZIKUTANE NA HESABU

Tulirudi Kabeza baada ya miezi miwili kumwona yule binti. Baba yake alikuwa amefanya jambo dogo. Kila hesabu ya kutoa aliyoileta kutoka shule, aliifanya kwanza kwa sarafu juu ya meza, kisha akachora sarafu hizo katika daftari, na mwisho ndipo akaandika tarakimu.

Mtoto alituonyesha ile ile ya 500 kutoa 350. Alipanga sarafu 5 za faranga 100. Akasema, "Anataka mia tatu na hamsini. Hamsini sina." Akachukua sarafu moja ya 100 akaivunja kwa mama yake, akarudi na sarafu 2 za 50. Akatoa tatu za 100 na moja ya 50. Mezani zikabaki sarafu ya 100 na sarafu ya 50. Kisha akashika kalamu, akakata ile 5, akaandika 4, akapeleka mia moja iliyovunjwa kwenye safu ya makumi, 10 kutoa 5, akaandika jibu 150.

"Mwalimu anasema kuazima," alitueleza. "Kumbe ni kuvunja pesa."

Hatuna la kuongeza katika maelezo hayo. Alama zake bado si za juu kabisa, na hatutaki kudanganya kwamba miezi miwili imemaliza kila kitu. Lakini haogopi tena daftari. Kila jioni ya mwisho wa mwezi yeye ndiye anayejumlisha mafungu ya baba yake, na baba hujumlisha upande wake, kisha hulinganisha. Mwezi uliopita majibu yao yalitofautiana kwa fungu moja. Walirudia pamoja, na aliyekosea alikuwa baba.

TUNAYOYAPENDEKEZA KWA MATAWI

Kwanza, kila tawi liwahimize wanachama kuweka daftari la kazi, na mjumbe awafundishe wasiojua namna ya kufunga mafungu. Daftari hilo ni ulinzi wa ujira na ni kitabu cha mtoto.

Pili, mwanachama mwenye mtoto shuleni ahudhurie mikutano ya wazazi na amwulize mwalimu si alama tu, bali mtoto anakwama wapi. Shule nyingine hugawa madarasa ya mwanzo kwa zamu mbili, na mwalimu huyo huyo hufundisha asubuhi na mchana. Naye ni mfanyakazi mwenzetu. Tukutane naye kama wenzake.

Tatu, yako mashamba ya chai yaliyojenga vituo vya kulelea watoto wakati mama zao wanachuma. Penye vituo hivyo, wajumbe wadai viwe na vifaa vya kuhesabia, na visivyo na gharama: mbegu, vizibo, vijiti. Pasipo na vituo, dai hilo liingizwe katika mazungumzo na mwajiri.

Nne, wazee wanaojua igisoro waalikwe katika mikusanyiko ya familia wawafundishe watoto.

Ndugu wafanyakazi, samaki mkunje angali mbichi. Jioni hii, kabla ya chakula, chukua maharage kumi na bakuli moja, umwite mtoto. Siku atakapofika yeye mwenyewe mbele ya mizani au mbele ya dirisha la malipo, akiwa mtu mzima, awe anajua jibu kabla ya karani kuinua kalamu.